Kadi Iliyorudi Bila Alama

Ambakisye alikuwa mtu wa kukataa vitu. Ndiyo iliyokuwa kazi yake. Katika kiwanda kimoja cha vifaa vya hospitali, upande wa kaskazini wa Minneapolis, Marekani, alikaa miaka kumi na moja mbele ya lenzi yenye taa, glavu mikononi, akikagua mirija myembamba inayopitishwa kwenye mishipa ya moyo. Mkwaruzo ambao mimi na wewe tusingeuona hata tukioneshwa, yeye aliuona, na mrija ukaishia kwenye boksi jekundu bila huruma. Kabla ya hapo alifundisha hesabu Tukuyu, na wanafunzi wake wa zamani watakuambia kwamba sabini ya Mwalimu Ambakisye ilikuwa sawa na tisini na tano ya mtu mwingine.

Sasa mtu wa namna hiyo mpe kadi ya watu aipeleke ikapimwe, uone.

Kadi yenyewe ilikuwa ya Mzee Lindquist, mgane aliyekaa nyumba ya pili kutoka kwake, pale Apple Valley, kitongoji cha mji huo. Kwa miaka tisa Ambakisye alimwondolea theluji mlangoni, na mzee akamlipa kwa kumfundisha besiboli, mchezo ambao Ambakisye mpaka leo anauona una watu wengi mno waliosimama bila kazi. Mwaka 2006, theluji ilipokwisha, miguu ya mzee nayo ikagoma, na watoto wake wakamhamishia kwenye nyumba ya wazee huko Lakeville. Siku ya kuhama alimwita Ambakisye, akamkabidhi bahasha. Ndani mlikuwa na kadi moja ya besiboli, zile ambazo Wamarekani hukusanya tangu utotoni, yenye picha ya mrusha mpira wa mkono wa kushoto aliyekunja uso kama anayedaiwa.

"Niliipata nikiwa na miaka tisa, ndani ya pakiti ya bigijii," mzee alisema. "Maisha yangu yote nimetaka kujua ni nzuri kiasi gani. Wewe ndiye mkaguzi. Ipeleke kwa wale wanaopima kadi za zamani na kuzipa alama, uniletee jibu kabla sijafa."

Alisema akicheka, lakini alikuwa na miaka themanini na moja, na Ambakisye aliipokea ile bahasha kwa mikono miwili.

Jioni ile aliiweka kadi kwenye meza ya jikoni, akaikagua. Pembe zilikuwa zimechakaa kidogo, na hilo alilisamehe. Katikati palikuwa na mkunjo mwepesi. Lakini pale chini kulia palikuwa na doa jekundu lililokolea, limekauka, kubwa kama ncha ya kidole, na doa lile lilimkera kama tonge lenye mchanga. Mama yake Ambakisye hakuwahi kurudisha bakuli la jirani bila kulisugua likang'aa, na watoto wake hawakutoka kwenda kwa watu kabla hajawapaka mafuta mpaka magotini. Mtu aliyelelewa hivyo hawezi kutuma kadi ya mzee kwa wataalamu ikiwa na uchafu.

Akachukua pamba, maji ya uvuguvugu na tone la sabuni. Doa likatoka taratibu, naye akaona raha. Kisha akaiweka kadi kati ya leso mbili safi, akaipitishia pasi ya moto mdogo. Usiku akailaza chini ya godoro, kama alivyozoea kunyoosha suruali zake chuo cha ualimu.

"Baba Tulia," mkewe Tumpe alimuuliza, "hiyo kadi inaolewa?"

"Inakwenda kwenye mtihani. Mtoto hapelekwi kwenye mtihani na makamasi."

Asubuhi akaituma kwa posta. Alama za kadi huishia kumi, kadiri ilivyotunzwa. Ambakisye alisema itapata sita, na moyoni akaweka saba. Akawaambia kazini, akawaambia kanisani baada ya ibada ya Kiswahili, na kosa kubwa kuliko yote, akampigia simu mzee.

"Saba," alisema. "Ikipungua sana, sita."

Baada ya wiki saba kifurushi kikarudi. Ambakisye alikifungua kwa kisu cha jikoni, amesimama, koti bado mwilini. Kadi ilikuwa ndani ya mfuko wake wa plastiki, na karatasi ndogo ilisema kwamba kadi ni halisi, ila imesafishwa na kubanwa. Kadi iliyorekebishwa hivyo haipewi alama yoyote. Yaani hata moja hawakumpa.

Alikasirika mpaka masikio yakapata moto. Akawaita wababaishaji, akasema hawajui kazi, akasema atawaandikia barua ya kurasa tatu. Tumpe alimwacha amalize.

"Hebu niambie," akamuuliza. "Mrija ungekujia pale kazini umepigwa pasi, ungeupitisha?"

Ambakisye alivuta kiti. Akakaa chini.

"Boksi jekundu," alisema.

Jumamosi alikwenda Lakeville, na maandazi ya Tumpe kwenye kiti cha pembeni. Njia nzima alijizoesha kusema sita. Nani atajua? Mzee haoni vizuri, atafurahi, yamekwisha. Aliitamka garini mpaka ikawa nyepesi mdomoni.

Mzee alikuwa mezani, mbele yake mkate na kijikopo cha jemu ya stroberi.

"Haya," alisema, hata salamu hakungoja. "Ngapi?"

Ambakisye akaiacha ile sita, akauweka mfuko wa kadi mezani.

"Hakuna, Mzee. Wameikataa, na kosa ni langu. Niliiosha. Niliiosha na kuipiga pasi."

Mzee alinyoosha mkono. Akaitoa kadi kwenye mfuko, akaigeuzia dirishani, kisha akapitisha kidole gumba pale chini kulia, mara moja, halafu tena. Hakucheka.

"Hapa palikuwa na jemu," alisema. "Mdogo wangu Arvid. Alikuwa na miaka saba, akaishika kadi yangu anakula mkate. Nilimpiga makofi kwa ajili ya kidole hicho. Mwaka arobaini na tano hakurudi kutoka vitani."

Ambakisye aliona aibu ambayo hajawahi kuiona tangu azaliwe. Alitamani sakafu ifunguke. Alianza kuomba radhi kwa Kiingereza, akamalizia kwa Kiswahili, na mzee akamwacha mpaka maneno yakamwishia.

"Ingekuwa bado na lile doa," mzee aliuliza, "wangenipa ngapi?"

"Wangekuwa na huruma, mbili."

"Mbili," mzee alirudia, na safari hii akacheka kidogo. Kisha akakisukuma kile kijikopo cha jemu kuvuka meza, na kadi juu ya leso ya karatasi. "Mkono wangu unatetemeka. Wewe ndiye uliyemfuta, wewe mrudishe."

Ambakisye aliitazama kadi. Miaka kumi na moja hakuwahi kugusa kitu cha kukaguliwa bila glavu. Akachovya kidole gumba kwenye jemu, akakibonyeza pale chini kulia, akahesabu mpaka tatu. Alipokiinua, mkono wake ukaifuata leso kwa mazoea, ili apanguse kingo za doa. Akaurudisha, akauweka mapajani, wakakaa wote wawili wakila maandazi, wakisubiri ikauke.