Posa ya Mpira wa Kikapu

Nilimwambia shangazi yangu kwamba dada Zuwena anakuja kuposwa Jumamosi baada ya adhuhuri. Ulikuwa uongo mtupu. Aliyekuwa anakuja ni kocha wa mpira wa kikapu kutoka chuo kikuu kimoja cha Marekani, anatafuta wachezaji. Lakini nilikuwa na miaka kumi, nina njaa ya kudumu, na nilijua kwamba Shangazi Raya hakaangi sambusa za nyama bila sababu nzito. Ndiyo hivyo. Ujinga wangu nimeshauweka mezani, sasa tuendelee kwa amani.

Enzi zetu Peckham, mtaa wetu wa London, ilikuwa Peckham. Najua mama akisikia kijana ambaye bado anavaa tai ya shule anasema "enzi zetu" atacheka mpaka akohoe. Acha acheke. Zilikuwepo, na nyinyi mliokuwa nami kwenye yale maghorofa mtanishuhudia. Tulikuwa tunagonga milango ya watu na kukimbia, ghorofa hadi ghorofa, mpaka mzee wa chini akaanza kutungoja nyuma ya mlango na ndoo ya maji. Tulikula chipsi zilizoloweshwa siki hadi karatasi ikatoboka, tukalamba na vidole. Kwenye basi la ghorofa tulipigania kiti cha mbele juu, tukajifanya madereva, tukaendesha London nzima kwa mikono mitupu. Jumamosi asubuhi tulikwenda chuo cha Kurani katika ukumbi ambamo Ijumaa usiku watu walikuwa wanacheza dansi, tukasoma juzuu huku zulia linanuka bia ya jana yake, na maalimu anajifanya hana pua.

Siku hizi napita pale na kuwaona watoto wamekaa kwenye ngazi, kila mmoja ameinamia simu yake, wanarushiana nyimbo. Vidole vinakimbia, miguu imelala. Ukiwagongea mlango ukakimbia, hawaji hata kufungua. Kizazi gani hiki?

Nyumbani kwetu mama alisema Kiswahili na sisi tukamjibu Kiingereza, na mambo yakaenda. Ulimi wangu peke yake ndio ulionyooka, kwa sababu kila nikitoka shule nilikuwa nalelewa na Shangazi Raya, dada yake baba. Shangazi alikuwa amekaa London miaka mingi na Kiingereza chake chote kilikuwa ile asante ya kumwambia dereva wa basi. Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa mkalimani wake wa daktari, wa posta na wa kugombana na wauza samaki. Mtoto wa miaka kumi kupewa madaraka kama hayo ni hatari, na hakuna aliyeliona hilo.

Dada Zuwena alikuwa na miaka kumi na minane, anabadilisha balbu bila kupanda kiti. Nyuma ya jengo letu kulikuwa na uwanja wa lami wenye kikapu kisicho na wavu, na yeye aliishi pale, suruali ndefu na mtandio, akiwafunga wavulana mpaka wakasingizia mvua. Kocha alimwona kwenye mashindano ya shule, akapiga simu nyumbani: wanataka kumchukua, wamsomeshe bure. Baba, aliyekuwa anafanya kazi za zamu kwenye ghala kule Edmonton, aliamua kama alivyoamua kila kitu: "Mama yenu akikubali, na mimi nimekubali."

Mama hakukubali. Alisema kocha aje, mgeni hafungiwi mlango, lakini jibu lake analo tayari. "Mtoto wa kike, bara jingine, nimwachie nani?" Na kocha alikuwa anaondoka Jumapili. Akikosa jibu, nafasi inakwenda kwa msichana mwingine. Zuwena alishinda wiki nzima akizungusha chakula kwenye sahani, mimi nikimmalizia.

Basi Jumamosi ikafika. Mama alikuwa kazini Lewisham, anahudumia wazee, basi lake limechelewa. Aliyewahi ni Shangazi Raya. Alikuja na baibui la Idi, sinia mbili za sambusa, halua na chetezo cha udi. Akamkuta Zuwena amevaa suti ya mazoezi, akamrudisha chumbani akamfunika kanga mpya mpaka kwenye nyusi.

"Auntie, what is going on?" Zuwena akauliza.

"Anaona haya, maskini," shangazi akaniambia.

Zuwena alikielewa Kiswahili, kukisema ndiko kulikomshinda. Akanitazama kwa jicho ambalo ningekuwa na akili ningehama nchi.

Kocha akaingia. Alikuwa mwanamke, mrefu hata akainama mlangoni, na goti moja likimsumbua akitembea. Nikadhani mambo yameharibika, bwana harusi gani huyu. Lakini shangazi alifurahi. "Wamemtuma mwanamke kwanza kuja kutazama," akaninong'oneza. "Watu wenye adabu zao. Hebu muulize, huyo kijana wao ana kazi gani?"

Nikamgeukia kocha, nikamwambia shangazi anauliza timu yenu ikoje. Kocha akasema msimu huu wameshika nafasi ya pili.

"Anasema ni mtu wa pili kwa cheo kazini kwake."

"Mashaallah. Na wazee wapo?"

Nikamuuliza kocha kama wana wachezaji wakubwa. Akasema wapo wanne, na wote wanamaliza masomo mwaka huu.

"Wapo wanne, ila mwaka huu wanamaliza."

"Wanamaliza nini?"

"Wanastaafu, shangazi."

Kocha alikuwa ameshakula sambusa ya kutosha na anasifu moshi wa udi. Kila mtu alikuwa na furaha. Ningeachwa, ningewaoza wote. Shangazi akauliza mahari. Hapo nikamuuliza kocha watatoa nini, na jibu lake nikalitafsiri sawasawa, maana uongo nao unachosha: chumba, chakula, ada, vitabu, na tiketi ya ndege ya kurudi nyumbani likizo.

"Vitabu," shangazi akasema taratibu. "Haya. Ndiyo zama zenyewe. Na nguo?"

Nikauliza. Kocha akatabasamu, akafungua begi, akatoa fulana ya timu yenye namba mgongoni, na kaptura. Akaikunjua juu ya meza, kando ya halua.

Shangazi akaitazama ile kaptura kama anayetazama panya kwenye unga. "Hii ni ya nani?"

Na mama akaingia. Sare ya kazi, mifuko ya soko, mvua mabegani. Akaona moshi, akaona sinia, akaona mgeni ana halua mdomoni na bintiye amefunikwa kanga mlango wa chumbani.

"Wifi, kuna nini hapa?"

"Posa ya mwanao. Mlinificha, si ndiyo? Mpaka huyu mtoto akanihurumia akaniambia."

Mama hakuuliza mtoto gani. Akaweka mifuko chini, akamweleza wifi yake ukweli kwa Kiswahili, kisha akamweleza kocha kwa Kiingereza chake cha kazini. Kocha akacheka mpaka akashika ukuta, halafu akaona anacheka peke yake. Mama akamwambia kwa upole kwamba samahani sana, amesumbuka bure, mtoto haendi.

Zuwena akavua kanga kichwani. Alianza kuikunja vizuri, pembe kwa pembe, kama ndiyo kazi pekee iliyobaki duniani.

Aliyetuokoa ni shangazi. Hakuondoka. Alikaa kwenye kochi kama aliyepigiliwa misumari. "Kaa chini, wifi. Mimi nimekaanga tangu alfajiri. Hawa wamekuja kuchukua mtoto wa kaka yangu. Bwana yupo, bwana hayupo, wataulizwa kama wanavyoulizwa watu wote. Ukishasikia majibu, ndiyo ukatae." Akanielekezea kidole. "Na wewe, safari hii utafsiri kilichosemwa. Mama yako anasikia."

Akaanza. "Akiumwa, nani atampikia uji?"

Kocha akasema timu ina daktari wake.

"Sikuuliza daktari. Nimeuliza uji."

Kocha akafikiri. "Mimi," akasema.

"Unaujua?"

"Nifundishe."

Shangazi akatikisa kichwa, lakini kidogo. "Na siku mkimchoka? Akivunjika mguu hachezi tena, mtamfanyaje mtoto wa watu?"

Nilipolitafsiri hilo kocha akaweka sahani chini. Alisema ameingia nyumba nyingi, na wazazi humuuliza mtoto atacheza dakika ngapi, ataonekana kwenye televisheni, atapewa viatu gani. Hili hakuwahi kuulizwa. Akasema kweli yenyewe ni kwamba ahadi ya chuo ni ya mwaka mmoja mmoja. Yeye goti lilimwishia akiwa mwaka wa pili, na chuo chake kikamwacha. Mama yake alipanda basi akavuka nusu ya nchi kwenda kumchukua, akambebea mabegi. "Siwezi kuwasemea wakubwa wangu," akasema. "Mimi nitagombana nao mpaka amalize masomo. Nikishindwa, nitamleta mwenyewe mpaka mlango huu."

Nilitafsiri yote, ingawa mama alikuwa ameshasikia.

"Mama yako yupo?" mama akamuuliza.

"Yupo."

Mama akatoa kwenye pochi ile kadi ya simu ya kukwangua, ile aliyoiweka kwa ajili ya bibi kule Pemba na ambayo sisi tukiigusa tungekatwa mkono. Akaikwangua kwa ufunguo. Kocha akasoma namba ya mama yake, mama akabonyeza, akavuta waya mpaka jikoni, akasimama ametupa mgongo. Tulimsikia akisema ndiyo, dada, ndiyo. Kisha akauliza, "Ulipofika kumchukua, ulimkuta vipi?" Akasikiliza muda mrefu sana. Akajifuta uso kwa mkono wa sare. Wakazungumza tena mpaka yule mwanamke wa kwenye kadi, anayetangaza kwamba dakika zimekwisha, alipowakatia.

Akarudi sebuleni, akamwendea Zuwena, na akasema naye Kiingereza, lugha ambayo ndani ya nyumba ile hakuwahi kutusemesha, nadhani ili mtu asije akadai hakuelewa. Alimwambia: utakwenda. Ukichoka, unarudi. Usingoje uchokwe.

Shangazi akapiga kigelegele, kocha akaruka kwa mshtuko, goti na yote.

Zuwena alikwenda, akacheza, akamaliza masomo, na sasa anafundisha watoto huko huko. Likizo akija anatuletea lafudhi ambayo shangazi hataki kuisikia. Jengo letu limebomolewa, yamebaki yale ya jirani. Uwanja wa nyuma umewekewa vikapu vipya vyenye nyavu nyeupe, na nyavu hazijachakaa, jambo linaloeleza kila kitu. Wachache wanaocheza wanajirekodi, wanatuma picha kwa kompyuta, kocha wa mbali anazitazama akila chakula chake cha mchana, na mtoto anachukuliwa kabla mama yake hajajua anacheza nafasi gani. Hakuna anayekalishwa kwenye kochi akaulizwa uji. Wenzangu husema ni rahisi zaidi hivi, hakuna usumbufu. Ni kweli hakuna. Lakini mimi nimeuona ule usumbufu ulivyokuwa, na nikiwaona wanaondoka na begi moja mgongoni, wanabonyeza simu mpaka mlango wa treni unafungwa, nawasikitikia kidogo.

Jioni ile, kocha alipokwisha ondoka na shangazi amejilaza kwa uchovu, nilikwenda jikoni kungoja kipigo changu. Mama alikuwa anasugua sinia. Hakunitazama. Akasema: "Kesho utakwenda kwa shangazi yako umwombe radhi, na wiki nzima utamwoshea vyombo. Sasa kaa hapo, unifundishe hiyo mipira yao inavyohesabiwa, nisije nikapiga kigelegele wakifunga wale wengine."