Shangazi bado hajaaga

Leo nimesalimiwa na mtu aliyekuwa ameshafariki.

Asubuhi nikiwa kazini hapa saiba, duka la intaneti Kakuma, nilikuwa nasikiliza redio ya Lodwar mtandaoni kwa kompyuta. Kipindi cha salamu kikaanza, mteja akaingia, nikaisimamisha.

Mchana mama akapiga simu kutoka Lokori.

"Shangazi yako Nakiru ametuacha. Ameanguka tu sokoni."

Sijui kwa nini niliiwasha tena ile redio.

"Ejok, Akai wangu wa Kakuma." Ni shangazi, anacheka, ananisalimu Kiturkana.

Kumbe iliendelea palepale nilipoiachia asubuhi, wakati alipopiga simu redioni akiwa mzima.

Kabla hajaaga, nikaisimamisha.

Sasa bosi anataka kuzima kompyuta. Ikizimwa, redio itarudi kwa matangazo ya sasa, na sauti yake imeenda.

Nyinyi mngemwacha aage?