Taa Kumi na Nne

Kazini walimwita Bwana Taa, na jina lenyewe lilimkera, maana waliomwita hivyo hawakuwahi kuzitazama hizo taa.

Kwa miaka miwili alikuwa mtu wa kitu kimoja: taa za dashibodi za magari ya mbio katika gemu ambalo kampuni yao ilikuwa ikilitengeneza. Magari yalichorwa na wengine. Barabara zilikuwa za wengine pia. Yeye alikuwa na taa kumi na nne kwa kila gari: ya oili, ya betri, ya joto la maji, ya mafuta, ya breki ya mkono, na ile safu ya taa tisa juu ya usukani inayotoka kijani ikaenda njano mpaka nyekundu, kumwambia dereva sasa badilisha gia.

Kwa ajili ya taa hizo alikwenda kwenye magereji, akaomba kuingia ndani ya magari ya watu, akawasha ufunguo na kuzima, akawasha na kuzima, mpaka fundi mmoja akamuuliza kama yuko mzima. Alihesabu taa ya oili inachukua sekunde ngapi kuzimika injini ikishawaka. Alijifunza jambo ambalo watu wengi wanaomiliki magari hawalijui: ukifungua ufunguo, taa zote huwaka kwanza ili ujue ziko hai, halafu ndipo zinazimika. Taa isiyowaka kabisa haimaanishi gari ni zima. Imeungua. Yote hayo aliyatia kwenye gemu. Ukilipiga gari gia ndogo kwa muda mrefu, oili ilipata moto, taa yake ikawaka, na usipopunguza mwendo injini ilikufia njiani. Hakuna aliyemwagiza. Alifanya kwa sababu ndivyo gari lilivyo.

Basi fikiria Jumatatu ile mkurugenzi alipowaita mkutanoni. Alikuwa mwanamke wa sauti ya upole, na upole wake ndio uliokuwa ukimmaliza Bwana Taa, kwa sababu mtu hawezi kumgombeza mtu mpole.

"Gemu letu ni zito," akasema. "Kwenye simu za kawaida linakwama. Lazima tupunguze kitu kabla ya mwisho wa mwezi. Nimebaki na vitu viwili. Dashibodi, au watazamaji wa jukwaani."

Watazamaji wa jukwaani walikuwa vikatuni vya watu wanaopunga mikono gari likipita. Bwana Taa akacheka, akidhani ni utani. Hakuna mwingine aliyecheka.

Mkurugenzi akawaonyesha hesabu za wachezaji wa majaribio. Katika kila watu mia, tisini na nne waliiweka kamera nyuma ya gari, nje, wakaliona gari lao kwa mgongo. Dashibodi hawakuiona hata siku moja.

"Tisini na nne," akarudia taratibu. "Na kila mmoja anawaona wale watazamaji."

"Kwa hiyo mtu anayepunga mkono ana maana kuliko taa ya oili?" akauliza Bwana Taa.

"Kaka, usichukulie hivyo," akasema Fundi Sauti, msichana aliyetengeneza milio ya injini, ambaye hakuwa na wasiwasi wowote, kwa kuwa mlio unasikika hata ukikaa nyuma ya gari. "Ni mambo ya simu tu."

Hapo Bwana Taa akasema neno ambalo baadaye alitamani angelimeza. Akasema, "Nipeni mpaka Ijumaa. Nitawaletea mchezaji anayeziangalia. Mtamwona akicheza hapa hapa, mbele yenu, kisha mseme taa hazina kazi."

Mchezaji mwenyewe alikuwa mama mkwe wake.

Mama huyu alikuwa ameendesha lori la saruji miaka ishirini na sita, na katika miaka hiyo hakuua injini hata moja, jambo alilolitaja kama wengine wanavyotaja idadi ya wajukuu. Goti ndilo lililomtoa barabarani. Lilikataa kukanyaga klachi. Alikuja kwa binti yake kutibiwa, na mwezi wa nne sasa alikuwa akishinda sebuleni, mguu juu ya stuli, akiwasikiliza madereva wanaopita nje na kuwalaani wanavyobadilisha gia.

Siku ya kwanza mkwewe alipompa padi ya kuchezea, alitazama skrini kwa shaka.

"Dereva yuko wapi?"

"Dereva ni wewe, Mama."

"Mimi niko wapi sasa?"

"Uko nyuma ya gari."

"Kwani nimeanguka?"

Bwana Taa alicheka mpaka mkewe akatoka jikoni. Akamhamishia kamera ndani, kwenye kiti cha dereva. Mama mkwe akafungua ufunguo, taa kumi na nne zikawaka, akasubiri, zikazimika, akabaki na ile ya breki ya mkono. Akatikisa kichwa polepole.

"Ehee," akasema. "Aliyetengeneza gari hili anajua kazi."

Katika miaka miwili, hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza mtu kumsifu, na hakusifiwa na wakubwa zake bali na bibi mwenye goti bovu. Kwa siku tatu alitembea ameinua mabega.

Kwa hiyo Ijumaa akampeleka. Mkewe alikuwa amemwonya tangu asubuhi: "Unampeleka mama yangu mbele za watu kama shahidi mahakamani. Angalau umwambie anatakiwa kufanya nini." Bwana Taa hakumwambia. Alitaka kila kitu kiwe cha kweli, pasiwe na maigizo. Alichofanya ni kupanga oili ipate moto kwenye mzunguko wa tatu. Taa ingewaka, mama angepunguza kasi kidogo na kubadilisha gia mapema, taa ingezimika, na yeye angefika salama huku magari mengine yakifa injini. Aliiona picha nzima kichwani, pamoja na uso wa mkurugenzi.

Ofisini walimpokea kwa heshima. Wakamletea kiti chenye mgongo na kingine cha kuweka mguu. Alikuwa amevaa viatu vyake vya kutokea na kitambaa kipya. Mbio zikaanza, na wallahi mama aliendesha. Alibadilisha gia taa ya njano ikigusa nyekundu tu, hakuchelewa wala hakuwahi. Mzunguko wa kwanza alikuwa wa tano. Wa pili alikuwa wa pili. Fundi Sauti akapiga makofi. Bwana Taa alisimama nyuma ya kiti, akihesabu mizunguko.

Mzunguko wa tatu, taa ya oili ikawaka.

Mama mkwe akatazama kioo cha nyuma. Akapunguza mwendo. Akatoka kwenye njia ya mbio, akaingia kwenye majani, akasimama, akavuta breki ya mkono, akazima injini. Magari yote kumi na nane yaliyokuwa nyuma yake yakampita yakivuma.

"Taa za hazadi, za kuwaonya wa nyuma, ziko wapi?" akauliza, akigeuzageuza padi.



"Mama," akasema mkurugenzi kwa upole wake, "mbona umesimama?"

"Taa ya oili imewaka."

"Lakini hizi ni mbio."

"Mbio ni za gari lenye injini, mwanangu. Hii ikifa utakimbia na nini?"

Bwana Taa akainama, akamnong'oneza huku damu ikimpanda usoni. "Mama, punguza mwendo tu. Badilisha gia mapema, itazimika yenyewe."

"Taa ya oili haibembelezwi," akasema Mama, wala hakunong'ona. "Kwanza gari lipoe. Halafu nipime oili."

"Humu hakuna kupima oili."

"Basi nimsubiri fundi."

"Fundi hayupo, Mama."

Akamgeukia mkwewe akiwa na mshangao wa kweli usoni. "Oili haipimwi, fundi hayupo. Sasa hii taa mmeiweka ya nini?"

Wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, na hilo ndilo lililouma zaidi. Fundi Sauti alilazimika kushika meza. Mmoja alijifuta machozi. Bwana Taa akatamani ardhi ipasuke immeze pamoja na kiti, padi na yule bibi na viatu vyake vya kutokea.

"Taa zako zinafanya kazi," mkurugenzi akamwambia baadaye, kwenye korido. "Zinafanya kazi kiasi kwamba mtu anaacha kucheza. Dashibodi itabaki kama picha. Taa zote zimezimwa. Tafadhali uzitoe wewe mwenyewe, unazijua."

Kwenye teksi ya kurudi nyumbani Bwana Taa alikaa mbele. Mama mkwe alikaa nyuma, mguu umenyooshwa.

"Nimekuharibia, mkwe?"

"Hapana, Mama."

Alisema hivyo meno yameumana. Angemwambia nini? Mkwe ni mkwe, huwezi kumfokea hata akikuchomea nyumba. Lakini moyoni alikuwa akichemka. Alimkasirikia mama kwa kuwa dereva mno. Alimkasirikia mkurugenzi, na simu za kawaida, na wenye simu za kawaida. Zaidi ya yote aliwakasirikia wale tisini na nne, ambao hawajui mama wala baba yake, waliokaa huko nje nyuma ya magari yao wakitazama matako ya gari kama wapumbavu. Miaka miwili alikuwa akimpigia mbuzi gitaa.

Wiki mbili zilizofuata alizitoa kwa mkono wake. Alianza na ya mafuta kwa sababu ilikuwa rahisi. Ya oili aliiacha mwisho. Kando yake, jirani yake wa meza alikuwa akiwaongezea watazamaji namna ya saba ya kupunga mkono, akimwita kila baada ya muda, "Bwana Taa, hebu ona huyu anavyoruka!" Bwana Taa aliona. Alisema ni vizuri. Alikwenda chooni akafungulia maji, akasimama tu.

Jumamosi alasiri alirudi nyumbani na toleo jipya, kwa sababu mama mkwe alikuwa ameliulizia, na kumnyima ingekuwa kumwambia kwamba ana kinyongo. Akaliweka kwenye kompyuta ya sebuleni. Mama akaingia ndani ya gari, akafungua ufunguo, akasubiri.

Akasubiri tena.

"Mkwe, betri imekufa."

"Haijakufa. Washa tu, litakwenda."

"Taa hazijawaka."

"Haziwaki tena, Mama. Ni picha."

Mama akaiweka padi mapajani. "Basi mimi gari hili siliendeshi. Nitajuaje lina nini?"

Na hapo, baada ya wiki mbili za kumeza, kikamtoka. "Hulazimiki kujua! Hakuna anayeziangalia, Mama! Hakuna! Watu mia, tisini na nne wamekaa nyuma ya gari hawajui hata kama kuna dashibodi! Nilikuleta uwaonyeshe, ukaenda kuegesha kwenye majani!"

Mkewe alikuwa mlangoni, mwiko mkononi. Hakuwahi kumsikia akipandisha sauti kwa mama yake. Bwana Taa mwenyewe hakuwahi kujisikia. Aibu ikamshuka mwili mzima, akakaa kwenye mkono wa kochi.

"Nisamehe, Mama."

"Nimesikia," akasema mama mkwe. Alikuwa akimtazama, na hakuonekana kukasirika. Alimtazama kama anavyosikiliza injini ya mtu mwingine. "Lile la zamani bado unalo?"

"Lipo."

"Lifungue. Endesha wewe. Miezi minne niko hapa, kila siku nakuona ukiwasha taa na kuzima, ukiwasha na kuzima. Kuendesha sijakuona."

Akalifungua. Taa kumi na nne zikawaka zote, na kwa sekunde mbili zile akazitazama moja moja. Zilikuwa nzuri. Zilikuwa za kweli. Zikazimika kama alivyozifundisha, ikabaki ya breki ya mkono, akaishusha. Mbio zikaanza. Mkewe akaja kusimama nyuma ya kochi.

Kona ya kwanza ilikuwa kali, na kioo cha mbele kilionyesha njia nyembamba tu. Akaipita. Barabara ikafunguka, akaongeza mwendo, akampita mmoja, akampita wa pili kwa ndani, na hasira ya wiki mbili ikaanza kumtoka vidoleni. Aliiona njia yote mbele, kona mbili kabla hazijafika, na gari lake jekundu likiteleza juu ya lami kama alivyozoea kila siku saa ya chakula akishindana na wenzake ofisini. Alimaliza mzunguko mzima hivyo. Akampita wa tatu.

"Mkwe," akasema mama taratibu. "Dashibodi imekwenda wapi?"

Akatazama skrini. Mbele yake kulikuwa na mgongo mwekundu wa gari, magurudumu mawili ya nyuma, na jukwaa zima la watu wakimpungia mikono. Akatazama kidole gumba chake, ambacho kilikuwa bado juu ya kitufe cha kamera, na gari likaenda moja kwa moja mpaka likagonga ukuta.