Kidonda Kilichokataa Kufunga

Mtoto wangu wa pili alitolewa kwa kisu. Hatukuwa tumemaliza hata mwaka tangu turudi Koboko kutoka Sudani, tulikokimbilia mwaka 1979 pamoja na wengine wengi ambao baba zao walikuwa askari wa serikali iliyoangushwa mwaka ule. Nyumba yetu ilikuwa kuta tupu. Mume wangu alikuwa mpakani akitafuta mabati, kwa hiyo mama yangu ndiye aliyenipandisha kwenye lori la tumbaku hadi Arua, uchungu ukiwa umenishika siku ya pili na mtoto hatoki.

Hospitali yenyewe ilikuwa ndogo, kwenye barabara ya Manibe, na leo majengo yake hayapo tena. Daktari alinipasua, akamtoa binti yangu akiwa hai na mwenye sauti kubwa. Sina neno baya juu ya kisu chake. Maneno yangu yote ni juu ya kilichofuata.

Siku ya sita nilipata homa. Mshono ulivimba, ukawa mwekundu na moto. Sista wa wodi, mama mwenye mikono minene na haraka nyingi, alikata nyuzi tatu upande wa chini, na usaha ukatoka kama uji. Akakamua, akasukuma kitambaa cha shashi ndani ya shimo, akabandika plasta juu, akaenda kitanda cha pili. Hakuniambia ni nini kimetokea. Mama ndiye aliyeniambia kwamba kidonda kimeoza na kimefunguliwa.

Tangu hapo kila asubuhi ilikuwa vita. Shashi ilikuwa imekauka usiku kucha ikagandana na nyama, naye aliivuta ikiwa kavu, kwa mkupuo mmoja. Damu mbichi ilitoka. Nyama iliyokuwa imeanza kuota iling'oka nayo.

Siku moja nilimshika mkono. "Sista, tafadhali, mwagia maji kwanza ilainike."

"Nani alikufundisha kazi yangu?"

"Inaniumiza sana."

"Wewe iko mutoto ya askari. Baba yako alipopiga watu, yeye hapana sikia kilio?"

Wodi nzima ilisikia. Baba yangu alikuwa fundi wa magari jeshini; maisha yake yote alilala chini ya malori. Lakini ungemweleza nani hayo ukiwa umelala chali, gauni limepandishwa hadi kifuani, mtoto analilia ziwa? Niliuma kona ya leso yangu, nikanyamaza. Hata sasa ninapoandika, kile kimya changu kinanikera zaidi ya maumivu.

Shashi zenyewe zilikuwa haba. Mama alipewa zile zilizotumika azifue na kuzichemsha kwenye sufuria nyuma ya wodi, kisha azirudishe. Alizianika juani na kuzikunja vizuri, mraba juu ya mraba. Siku nyingine kidonda kilifungwa na sista huyo, siku nyingine na msaidizi, siku nyingine na mwanafunzi ambaye sikumwona tena. Kila mmoja alisukuma ndani alichokuwa nacho. Hakuna aliyeandika ameweka ngapi, wala aliyekuja kesho yake hakuuliza zimo ngapi.

Baada ya wiki tatu waliniambia niende nyumbani. Juu mshono ulikuwa umefunga, lakini chini palibaki tundu lililotosha ncha ya kidole, na humo mlitoka maji ya njano yenye harufu. Sista alisema litaziba lenyewe.

Halikuziba. Koboko wanawake walikuja kuona mtoto, wakasalimia, wakabeba mtoto, kisha nikawaona wanasogea mlangoni mmoja mmoja. Harufu ilikuwa yangu. Nilioga mara tatu kwa siku. Nilifunga vitambaa viwili tumboni, na bado ilipenya. Niliacha kwenda msibani, niliacha kwenda harusini. Usingizini binti yangu aligeuza uso upande wa pili, nami nikaamini hata yeye ananikimbia.

Mara tatu nilipanda lori kurudi Arua. Mara ya kwanza nilipewa vidonge. Mara ya pili nikapakwa dawa ya zambarau. Mara ya tatu nilikuta wanawake wengi kwenye benchi, na sista yule yule akanifungua pale pale mlangoni, bila hata pazia.

"Nyinyi watu ya Koboko hapana jua sabuni," alisema, akiwatazama wale wa benchi. "Umeweka majani ya kienyeji ndani, ama umelala na bwana mapema. Sema kweli."

"Sijaweka kitu."

"Kidonda hapana danganya. Iko na chafu yako."

Mwanamke mmoja akacheka. Nilishusha gauni langu, nikatoka bila kufungwa kidonda.

Nilipofika nyumbani nililia, na mama akanisikiliza hadi mwisho. Alivaa viatu, akaenda kwa miguu hadi kijiji cha Lurujo kumwita baba mdogo, mdogo wake baba yangu. Huyu alikuwa mganga wa jeshi, si daktari. Kazi yake kambini ilikuwa kusafisha vidonda na kuvifunga. Kule Sudani aliendelea na kazi hiyo chini ya turubai, kwa watu waliokanyaga miiba na waliopigwa risasi. Tangu turudi alikuwa mkulima wa muhogo, na hakuna hospitali iliyotaka kumwajiri mtu aliyewahi kuvaa zile nguo za jeshi la zamani.

Alifika siku iliyofuata na kikoba chake. Nilikuwa na haya. Atanionaje tumboni, baba yangu mdogo? Yeye aliliona hilo kabla sijasema. Akamwomba mama anifunike leso mbili, moja juu moja chini, pabaki wazi upana wa kiganja tu.

"Mimi hapana angalia wewe, binti yangu," alisema. "Mimi naangalia kidonda."

Alichemsha maji yenye chumvi, akayaacha yapoe yakiwa yamefunikwa. Koleo lake dogo akalichemsha peke yake. Akanawa mikono hadi viwiko, akanawa tena. Kisha akalowesha kile kitambaa nilichojifunga, akasubiri kilainike. Nilikuwa nimejikaza nikingoja kuvutwa. Kitambaa kilitoka chenyewe, na sikuhisi kitu. Nilianza kulia papo hapo, kabla hajagusa tundu lenyewe, kwa sababu nilijua sasa kwamba yale maumivu yote ya wodini hayakuwa ya lazima.

Akaingiza ncha ya koleo polepole. Akasita.

"Iko uzi hapa."

"Wa mshono?" mama aliuliza.

"Hapana. Hii iko ya kitambaa."

Akavuta. Kikatoka kitu cheusi kidogo, kisha kikaendelea kutoka, kirefu, chenye utelezi, na harufu iliyomfanya mama ageuke ukutani. Ilikuwa shashi. Baba mdogo aliinyoosha juu ya sahani, ikafika urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi kwenye vidole. Miezi miwili nilikuwa nimeibeba chini ya ngozi, nikiambiwa sijui sabuni.

"Jeshini," alisema mzee yule aliyeona miguu ikikatwa, "mutu akisahau hii, analala ndani ya gereza."

Niliitia kwenye chupa ya jamu, nikafunga kifuniko, na siku ya tatu nikapanda lori. Baba mdogo alinikataza, akasema kidonda kinahitaji kupumzika. Sikumsikia.

Sista alipoiona chupa alisema, "Hiyo hapana yetu. Umeweka mwenyewe." Nikapita mbele yake hadi kwa daktari. Alikuwa kijana, macho mekundu kwa uchovu. Akaiinua chupa kwenye mwanga wa dirisha, akasoma karatasi yangu mbele na nyuma, akafunga mlango.

"Mama, pole sana. Hii ni yetu."

"Asante," nikamwambia. "Sasa fungua mlango, useme tena."

Daktari hakuufungua. Alisema kazi ni nyingi, pamba hakuna, watu wawili wanahudumia wodi nzima. Nilimjibu kwamba najua, mama yangu ndiye aliyefua shashi zenu. Lakini mimi nilitukanwa mbele ya watu, na umaskini wa hospitali haukumlazimisha mtu kunitukana. Nilikaa kwenye kiti chake cha wagonjwa, nikasema sitoki.

Mwishowe aliufungua mlango. Akasema, kwa sauti ya kusikika hadi benchini, kwamba kidonda cha mama huyu kilichelewa kupona kwa kosa la hospitali, na kwamba kuanzia leo kila shashi inayoingia kwenye kidonda itaandikwa kwenye karatasi ya mgonjwa. Sista alikuwa amesimama na trei mkononi. Hakuomba radhi siku ile, wala siku nyingine yoyote. Niliwaambia wanawake wa benchi waulize wenyewe ni shashi ngapi zimewekwa, wasingoje kuandikiwa.

Baba mdogo alinitibu wiki nne. Kila siku maji ya chumvi, kisha shashi safi iliyopakwa asali ya Lurujo, moja tu, na mkia wake akiuacha nje ya tundu ili kila mtu auone. Nyama iliota kutoka chini kuja juu, nyekundu kama ndani ya pera. Harufu iliisha siku ya tano. Tundu lilipoziba lilibaki kovu nene, lenye kung'aa, limejikunja upande mmoja kama mdomo wa mtu anayekataa chakula.

Siku nilipoweza kufunga leso na kumbeba binti yangu mgongoni, nilitembea hadi Lurujo kumshukuru. Alikuwa akimenya muhogo.

"Inawasha?" aliuliza, bila kutazama tumbo langu.

"Inawasha sana, baba."

"Basi iko napona. Usikwaruze."

Sikukwaruza. Lakini hasira ile haikuwasha wala haikupona. Watu wameniambia niiache, kwa kuwa mtoto alikua na mimi ni mzima. Mimi sioni sababu ya kuiacha.