Kompyuta Sita na Hofu ya Mama Zipora

Ni saa mbili asubuhi mjini Dodoma, mwaka 1998, na vumbi limeshaamka. Mlangoni mwa chumba cha kompyuta cha chuo kimoja cha stashahada, wanafunzi wanavua viatu na kuingia mmoja mmoja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Miguu umepangusa?"

Zipora Matonya, mwenye umri wa miaka 44, hana mchezo na vumbi. Ndiye mtunza chumba, na ndiye anayewafundisha wanafunzi kutumia mashine hizi. Zipo sita, kila moja imefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma kwa mkono, kama redio ya sebuleni. Hakuna hata moja iliyowashwa.

Wanafunzi wanaweka mezani vipande vya kadibodi vilivyochorwa herufi. "A! Kidole kidogo, kushoto!" anaita Zipora, na kadibodi zinagongwa. Mwandishi wa makala haya alitaka kucheka. Alipomtazama mama huyo usoni, akaacha.

"Zikiharibika, mimi ndiye nitakayeulizwa," anasema.

Zipora alitoka Gulwe mwaka 1978, akaajiriwa hapa kama mpiga chapa. Wapiga chapa walikuwa watano. Miaka mitatu iliyopita wafadhili walileta kompyuta, na mwaka huohuo punguza-punguza ya wafanyakazi ikafika chuoni. Wanne wakaondoka.

"Rafiki yangu Loisi sasa anauza karanga. Mimi nilibaki kwa sababu nilipelekwa kozi Dar es Salaam. Wiki mbili tu, ndugu mwandishi! Nikarudi nikaambiwa mimi ni mwalimu."

Wakati huo kompyuta zilikuwa saba. Mwaka jana umeme ulikatika, na uliporudi ulirudi kwa kishindo, mashine moja ikatoa moshi. Zipora akaitwa kujieleza.

"Nilitetemeka mpaka nikasahau mwaka niliozaliwa," anasema.

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Tangu siku hiyo mashine huwashwa wakija wageni tu.

Sasa imekuja hofu nyingine, kubwa kuliko ya kwanza. Mwezi ujao wafadhili wanarudi, na kila mwanafunzi ataketi peke yake mbele ya kompyuta aandike ukurasa mmoja. Wakishindwa, mashine zitahamishiwa chuo kingine.

"Nilimuuliza mkuu wa chuo, na mimi je? Akanyamaza. Ule ukimya wake unaninyima usingizi."

Katikati ya somo, Zipora anaacha kuita herufi. Anatazama nyaya za ukutani kwa muda mrefu.

"Fredy, njoo hapa."

Fredy, mwanafunzi wa mwaka wa pili kutoka Busi, hainuki. "Mimi, mama? Nikiiharibu je? Kwetu hatuna hata ng'ombe wa kulipia."

"Njoo kabla sijabadili mawazo."

Anavuta kitambaa, anabonyeza swichi. Mashine inanguruma. Fredy anatafuta herufi za jina lake kwa kidole kimoja, masomo yote ya kadibodi yamemtoka kichwani. Ameshafika kwenye D, taa ya darini inafifia na kuwaka.

Zipora anapiga yowe, anarukia ukutani na kung'oa plagi. Kioo kinakuwa cheusi.

"Sijagusa kitu!" anapaza sauti Fredy, mikono juu.

Hakuna anayecheka. Zipora amepiga magoti sakafuni, plagi mkononi, anahema. Wanasubiri taa itulie. Kisha anachomeka tena, na chumba kizima kinaikodolea macho mashine mpaka inapoamka. Jina halipo.

"Andika tena," anasema.

Baada ya kipindi anaulizwa kama hofu sasa imekwisha.

"Iishe wapi! Leo nimeogopa kuliko mwaka jana. Lakini kesho nitawasha zote sita, na kila siku mpaka hao wageni waje. Ikiungua moja, nitakwenda kujieleza."

Kisha anaongeza: "Nikifukuzwa, basi nifukuzwe kwa kufundisha."