Nilipiga picha mashindano ya magari ya zamani Gitega, kamera ikamnasa baba mkwe mtarajiwa akigonga koni

Wakuu, salaam. Wakubwa shikamooni, wadogo zangu mambo vipi.

Haya yamenipata mimi mwenyewe, siyo ya kusimuliwa. Majina tu ndiyo nimebadilisha, maana kuna watu wa Muyinga wanapita humu kimyakimya.

Mimi ni Mrundi niliyekulia Kigoma, nikarudi nyumbani nikiwa mtu mzima. Nina studio ndogo Muyinga mjini. Kazi yangu ni passport size na harusi. Yaani watu waliotulia, wanaoambiwa "usipepese macho". Kitu kinachokimbia nilikuwa sijawahi kukipiga.

Sasa kuna binti nataka kumuoa, tumwite Zuhura.

Baba yake, Mzee Issa, ni fundi wa kunyoosha bodi za magari. Barua yangu ya posa ilikaa kwake karibu miezi mitatu bila jibu. Zuhura akanidokeza mzee alichosema: "Ule kijana anafinya tu bouton ya kamera. Siku bouton imekufa, mwana wangu atakula nini?"

Wakuu, iliniuma.

Mzee ana gari moja la Kifaransa, la bluu, milango miwili, la zamani kuliko mimi. Sports car haswa. Alilikuta Giteranyi kuku wanatagia ndani, akalifufua kwa miaka sita. Kila bolti anaijua.

Basi kukawa na mashindano Gitega ya watu wenye magari kama hayo. Wanaita autocross. Kwa asiyejua: mnapanga koni uwanjani, gari moja linaingia, linapinda katikati ya koni mpaka mwisho, saa inahesabu. Ukigusa koni unaongezewa sekunde mbili. Si watu wa kulipwa, ni mafundi, wafanyabiashara na walimu wenye ugonjwa wa magari.

Yaliahirishwa mara mbili kwa uhaba wa essence, yaani petroli. Mara ya tatu ikapatikana, na Zuhura akamwambia baba yake anichukue nipige picha. Mzee akajibu neno moja: "Aje."

Tukapita njia ya Karuzi, mimi na yeye, jerikani la essence nyuma. Nadhani tuliongea maneno kumi njia nzima, na saba yalikuwa yangu.

Uwanja ulikuwa wa udongo mwekundu, nje kidogo ya mji, upande wa kwenda Giheta. Magari manane. Watu wamejaa pembeni na karanga zao.

Nikaanza kazi kwa fujo. Shutter speed juu kabisa, nikijua mbio zinataka hivyo. Dada mmoja akaja kuchungulia kamera yangu, tumwite Nadine. Ni mwalimu wa hesabu Giheta, anaendesha kagari kekundu ka wazi alikoachiwa na babu yake.

Akacheka. "Photographe, mbona umenipiga kama nimeparki sokoni?"

Alikuwa sahihi. Picha kali, lakini gari limeganda. Vumbi limeganda. Hata mbio zenyewe zimeganda.

Nikashusha shutter mpaka moja ya thelathini ya sekunde, nikaanza kugeuka kiuno pamoja na gari, taratibu, kama mtu anayemsindikiza mgeni kwa macho. Ishirini za kwanza zikawa uji. Ya ishirini na moja ikatoka: gari linaonekana wazi, watu na milima nyuma wamekuwa mistari.

Wakuu, nilipiga kelele peke yangu.

Kufikia raundi ya mwisho Nadine ndiye anaongoza. Mzee Issa akaingia. Sijawahi kumuona mtu wa umri ule akiendesha vile. Nikamfuata na kamera nimeachia shutter mfululizo, koni baada ya koni, mpaka mwisho.

Akampita Nadine kwa chini ya sekunde moja!

Uwanja ukalipuka. Bwana Altaf, mwenye duka la tairi aliyekuwa jaji mkuu, akatangaza mshindi anachukua tairi nne mpya. Za mzee zilikuwa zimeisha, anazibembeleza tu. Akaja kwangu anacheka, akanishika bega. "Mwana wangu, umenipata vizuri?"

Mwana wangu. Mara ya kwanza.

Nikaenda kivulini kukagua picha. Nikafika koni ya tisa.

Tairi la mbele kulia limepanda kitako cha koni. Koni imeinama upande. Picha inayofuata, imerudi imesimama kama haikuguswa. Msimamizi wa pale alikuwa upande wa pili, vumbi limemfunika. Hakuna aliyeona. Hakuna aliyelalamika.

Nikazoom. Nikazoom tena nikiomba iwe kivuli.

Nitasema ukweli: kidole kilikuwa juu ya delete. Niliwaza Zuhura. Niliwaza zile tairi. Niliwaza Nadine naye, anapiga makofi kwa moyo mweupe kwa mtu aliyemshinda.

Nikamfuata mzee, nikamvuta pembeni, nikamwonyesha ile picha kwenye kamera.

Akaangalia muda mrefu.

"Nani mwingine ameona hii?"

"Hakuna, mzee. Mimi na wewe."

"Bon. Lete hiyo appareil."

Akaichukua kamera, akaondoka nayo. Nikajua anakwenda kuifuta, na posa yangu inafutwa nayo.

Akaenda moja kwa moja kwenye meza ya Bwana Altaf, akaiweka mbele yake. Wakainama wote. Sekunde mbili zikaongezwa. Nadine akawa wa kwanza.

Yeye mwenyewe akaja mbio. "Lakini mzee, hakuna aliyeona!"

"Mi nimeona," mzee akasema. Basi.

Tukaanza kurudi. Baada ya Karuzi akasimama kumimina essence. Akaongea akiwa amenipa mgongo.

"Mi nilisikia mu volant, ile usukani. Kitu kidogo, tk. Nikajiambia iko jiwe. Umri huu, nikajidanganya mi mwenyewe." Akafunga tanki. "We ulikuwa unaogopa, wakati ulileta ile picha?"

"Sana, mzee."

"Ego, ni kweli. Na mi pia."

Akawasha gari, tukaendelea hadi Muyinga. Sikulala vizuri siku tatu.

Siku ya nne ndugu yake Mzee Issa akafika studio. Ujumbe: wazee wangu wanakaribishwa nyumbani Ijumaa baada ya swala, kuzungumza. Nilifunga studio mapema, sikuweza kuendelea na kazi.

Zuhura anasema baba yake bado hajatamka ndiyo. Ila juzi amemuuliza mimi ninapenda chakula gani.

Nilichojifunza: ukimfichia mtu kosa lake ili akupende, utaishi ukimlinda na ukweli, na mwisho utamchukia. Mpe nafasi alitazame mwenyewe. Wengine watakushangaza.

Ijumaa ni keshokutwa. Walioenda posa kwa wazee wagumu, nipeni mbinu, baba yangu mdogo atakayenisemea naye anazisubiri.

Na ungekuwa wewe, ungeionyesha ile picha? Jibuni kwa ukweli, humu baba mkwe hayupo. Nadhani.