Mama Mkwe Nyuma ya Minyaa

Kuna asubuhi moja naikumbuka kila nikiona baba kijana amembeba mtoto, mwanangu, na nikiikumbuka hucheka kwanza, kisha macho yanalowa. Nilikuwa nimekaa uani kwangu, Bukima, nimejifunga kanga ya mke wangu, mtoto mapajani, ndevu zimejaa uji, na mama mkwe wangu yuko upande wa pili wa ua wa minyaa ananifokea. Tumepeana migongo. Yeye hanioni, mimi simwoni, na katikati yetu kuna uhai wa mtoto. Kaa vizuri nikueleze, maana nyinyi vijana mnadhani kulea watoto mmekuvumbua nyinyi.

Ilikuwa ile miaka ya foleni. Dukani ungekuta rafu tupu na muuzaji anasinzia. Sabuni ikipatikana, unaikata vipande na kuvificha darini kama hirizi. Mimi nilikuwa mvuvi, kijana mwenye mabega na mdomo, na mdomo ndio ulikuwa mkubwa zaidi. Siku moja mke wangu, Nyamisi, aliniomba nimshike mtoto aende kuteka maji ziwani. Nikamjibu, "Mimi nimetoka kuvuta nyavu tangu alfajiri. Wewe umekaa tu na watoto." Umekaa tu! Aliniangalia, akamfunga mtoto mgongoni, akachukua ndoo akaenda.

Haikupita wiki, Nyamisi akashikwa na tumbo. Lilikuwa tumbo la kumkunja mtu mpaka chini. Tukampakia kwenye lori la pamba kwenda hospitali Musoma, wakamkuta na kidole tumbo, wakampasua siku hiyohiyo. Dada yangu alikwenda naye ili ampikie na kumfulia. Mama yangu alikwisha kufariki. Kwa hiyo nyumbani tukabaki watatu: mimi, Magesa mwenye miaka minne, na Nyanjura, miezi tisa, ambaye hakujua ulimwengu mwingine zaidi ya ziwa la mama yake. Wauguzi walikuwa wamesema asipelekwe wodini, mama yake alikuwa hoi na dawa alizotumia hazikuruhusu kunyonyesha.

Nikajiambia, watoto wawili watanishinda nini mimi niliyezoea mawimbi?

Siku ya kwanza, Magesa alipanda juu ya kinu, akafika darini, akachukua kipande chetu cha mwisho cha sabuni. Nilimkuta nyuma ya nyumba anamwogesha mwanambuzi. Povu lilikuwa jingi, mbuzi amesimama ametulia, nadhani hakuwahi kuheshimiwa hivyo maishani mwake.

"Magesa! Unafanya nini?"

"Namwogesha, baba. Mama akirudi amkute msafi."

Nilikuwa nimeshainua mkono. Nikaushusha. Mbuzi yule kweli alikuwa anang'aa, na mtoto alikuwa anamkumbuka mama yake kwa namna aliyoiweza. Nepi za Nyanjura nikazifua kwa majani ya mpapai mpaka vidole vyangu vikawa vya kijani.

Hayo ya sabuni yalikuwa mchezo. Jambo lenyewe lilikuwa Nyanjura, ambaye hakula. Nilipika uji wa mtama, akautema. Nikapika tena, akafunga mdomo na kugeuza shingo. Jirani yetu, Mama Wegesa, alijaribu naye, akashindwa. Mwishowe nikafanya kama nilivyowahi kuona wengine wakifanya: nikamlaza chali mapajani, nikakunja kiganja kama kikombe mdomoni mwake, nikamwaga uji, nikambana pua ili ameze. Alimeza kidogo, akapaliwa, akatapika chote. Nikarudia. Nakuambia haya bila kujificha, mwanangu. Nilikuwa namuumiza nikidhani ninamwokoa.

Basi nikapata akili, au niliyoiita akili. Nikasema tatizo ni sukari. Mtoto gani atakunywa uji mchungu? Kukicha nikamwachia Mama Wegesa watoto, nikapanda baiskeli ambayo tairi lake la nyuma nililijaza nyasi kwa kukosa mpira wa ndani, nikakanyaga mpaka Musoma. Pale Nyakato nilisikia duka moja limeletewa sukari. Foleni ilikuwa imezunguka nyumba mbili. Nikasimama. Jua likanipanda kichwani, likanishuka mgongoni, na nilipobakiza watu sita tu mbele yangu, dirisha likafungwa. Sukari imekwisha.

Nikapita hospitali kumwona Nyamisi. Alikuwa amelala, midomo imekauka, sauti ya kunong'ona. Neno lake la kwanza halikuhusu kidonda.

"Nyanjura anakula?"

"Anakula vizuri," nikasema.

"Mama yangu ameshafika kumwona?"

"Anakuja," nikasema tena. Huo ulikuwa uongo wa pili, maana sikuwa nimempelekea hata salamu. Nilimwonea haya. Niende kumwambia mama mkwe kwamba binti yake amelazwa na mjukuu wake amenishinda? Nyamisi alitabasamu akafumba macho. Tabasamu lile lilinichoma njia nzima ya kurudi.

Jua linazama nikafika nyumbani. Mama Wegesa alinipokea, akanikabidhi mtoto. Nyanjura alikuwa mwepesi. Alilia, lakini machozi hayakutoka. Tulimdondoshea maji mdomoni kwa kitambaa, tone kwa tone, mpaka akalala, na hapo ndipo nilipoogopa kama sijawahi kuogopa ziwani.

Asubuhi nikamlaza tena chali mapajani, nikakunja kiganja. Aliposikia pua inabanwa akapiga ukelele. Na nje ya ua sauti ikapasuka.

"We mwanaume! Unamkaba mtoto au unamlisha?"

Nilimfahamu kabla sijageuka. Mama mkwe wangu alikuwa amesikia habari za binti yake kwa watu wa pamba, akatoka kwake alfajiri kwa miguu. Sasa ujue, kwetu wakati ule mkwe na mama mkwe hawakutazamana. Mkikutana njiani, mmoja anaingia porini mpaka mwenzake apite. Yeye kuingia uani kwangu ilikuwa mwiko, na mimi kutoka kumkabili ilikuwa mwiko zaidi. Nikageuka haraka nikampa mgongo. Kwa jinsi sauti ilivyobadilika, nikajua naye amegeuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hajala siku ngapi?"

"Siku ya tatu leo, mama. Amekataa uji. Nilienda Musoma kutafuta sukari, nikakosa."

Kisha akasema polepole, na maneno yale yameniganda mpaka leo.

"Baba Magesa, mtoto haogopagi uji. Mtoto ameukataa mkono wako."

Nikakunjua kiganja, nikamwinua mtoto nikamkalisha.

Mama Wegesa alikuwa amekuja, akaomba amchukue mtoto ampeleke kwa bibi yake nje ya ua. Bibi akakataa. "Nikimlisha mimi leo, kesho atalishwa na nani? Mzee wangu amevimba miguu, siwezi kulala huku. Na huyu baba yake ndiye atakayebaki naye. Akikataa na safari hii, mnakimbia naye zahanati, mnasikia? Lakini kwanza, Baba Magesa, umeifuata sukari mpaka Musoma; kwenye chungu nilichomfundisha binti yangu kuweka akiba kuna nini?"

"Michembe, mama."

"Michembe, mama!" akaniiga. "Na michembe inakuwaga chumvi?"

Ewe mwanangu! Vile vipande vya viazi vitamu ambavyo Nyamisi alivikata na kuvianika juani, vimejaa chungu kizima, vitamu kama nini, na mimi nimekanyaga baiskeli ya nyasi kwenda kupanga foleni ya utamu. Mama Wegesa alifunika mdomo kwa mkono. Nilitamani minyaa inimeze.

Nikachemsha michembe, nikaiponda mpaka ikalainika, nikaichanganya na uji mwepesi. Bibi akaniongoza kutoka nyuma ya ua, hatua kwa hatua. Mama yake anamlishiaga wapi? Pale kivulini, kwenye jamvi. Basi kaa pale. Kanga yake aliyoiacha bila kufuliwa iko wapi? Jifunge. Nikasita. Wavuvi wenzangu walikuwa wanaanza kupita kwenda mwaloni, kule mitumbwi inakoegeshwa.

"Unaona haya?" akauliza, kama aliyeniona.

"Hapana, mama," nikasema, na nikajifunga.

Mtoto alikutanisha pua na ile kanga, akatulia. Alivuta harufu ya mama yake kama mtu anayekunywa maji.

"Usimlishe," bibi akasema. "Weka bakuli mbele yake. Tia kidole, lamba mwenyewe. Kisha mwache. Halafu uniambie, mimi sioni."

Hapo ndipo nikawa mtangazaji. Umewahi kusikia mpira redioni? Ndivyo nilivyotangaza, mgongo kwa mama mkwe.

"Ameangalia bakuli, mama... Ameniangalia mimi... Ametia mkono! Mkono mzima, mama!"

"Mwache!"

"Anaukoroga... Amenipaka ndevuni!"

"Cheka! Cheka naye!"

Nikacheka, kwanza kwa kulazimisha, kisha kweli, kwa sababu Nyanjura mwenyewe alikuwa amekunja uso kuangalia ndevu zangu. Akashika kidevu changu. Akarudisha mkono wake, akauangalia, akautia mdomoni.

"Amelamba! Mama, amelamba!"

"Subiri!"

"Amerudia! Anakula! Anakula, mama, anakula!"

Nikasikia kigelegele. Mama mkwe wangu, mwanamke wa heshima zake, peke yake barabarani, alipiga kigelegele mpaka mbwa wa jirani wakabweka na wavuvi wakasimama. Mama Wegesa naye akakipokea. Magesa akaanza kurukaruka na mbuzi wake. Na mimi nililia, mwanangu. Nililia na uji ndevuni, nimevaa kanga, mbele ya wanaume niliokuwa nikiwatambia, wala sikuona haya hata chembe. Nyanjura alimaliza nusu bakuli, akanisukuma uso na kulala.

Bibi hakuaga kwa maneno mengi. "Jioni mpe tena. Kidogo kidogo. Mimi nakwenda." Nikasikia hatua zake zinafifia.

Jioni nilimfunga Nyanjura mgongoni na kanga ileile, nikashuka mwaloni kuangalia mtumbwi wangu. Wakacheka, bila shaka wakacheka! Mmoja akaniuliza nitajifungua lini. Nikamjibu, "Nimeshajifungua leo asubuhi, bado hongera zako tu." Baada ya siku chache, yuleyule alikuja nyumbani kwa mlango wa nyuma kuniuliza michembe inapondwaje.

Nyamisi aliporudi, kidonda kimeshapona, nilimkuta anamgeuzageuza mtoto kama anayekagua samaki sokoni. Nikamwambia ukweli wote: uongo wa hospitali, kiganja, pua, foleni, chungu. Nikamwambia pia kwamba hakuwahi kukaa tu, hata siku moja. Naye akanikabidhi mtoto, akachukua ndoo, akaenda ziwani kuteka maji taratibu akiimba. Kliniki walipomning'iniza Nyanjura kwenye mzani, ule mstari wa kadi ulikuwa umeanza kupanda, nikaionyesha kadi ile kwa kila niliyekutana naye mpaka Mama Wegesa akaniomba nipumzike.

Miaka ikapita, ikaja miaka ya ruksa. Maduka ya Bunda yakajaa vitu mpaka nje: sabuni za rangi, mablanketi, sukari ya kuchota. Nilinunua blanketi zito na sukari, nikaenda nyumbani kwa mama mkwe. Katika ukoo wao, mkwe akileta blanketi na mama mkwe akalipokea, ile haya inalegea na wanaweza kusalimiana. Nyanjura, akiwa na miaka saba, ndiye aliyebeba sukari kichwani. Bibi yake akapika uji, akatia sukari mpya, akampa. Mtoto akaonja, akarudisha kikombe.

"Bibi, wa michembe hakuna?"

Bibi alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akalifunua blanketi, akalitandaza mabegani mwake, akageuka. Hiyo ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona uso. Alikuwa mdogo kuliko sauti yake. Akanyoosha mkono, nami nikampa wangu, huu huu wa kulia. Hakuuachia. Akaugeuza, akakiangalia kiganja kwa makini.

"Kumbe ndio huu mkono," akasema. "Mjukuu wangu alikuwa ameukataa. Sasa angalia anavyoushika mwenzake." Na kweli, Nyanjura alikuwa ameshika vidole vyangu vya mkono wa pili na wala hakujua.

Sasa shika haya, mwanangu. Mtoto akikukataa, usimbane pua. Jiangalie mkono, jiangalie haraka yako na hasira yako, kisha keti chini awe yeye anayekufikia. Kabla hujakimbilia mbali kutafuta kinachokosekana, fungua vyungu vya nyumbani kwako. Ukishindwa, sema umeshindwa siku ya kwanza, usingoje ya tatu, hata kama wa kumwambia ni mtu unayemwonea haya kuliko wote. Na mwenzako aliyeshinda na watoto usimwambie amekaa tu. Mwambie pole, upokee ndoo.

Mungu akujalie watoto wanaopaka uji ndevuni mwako. Akujalie mtu wa kukufokea kwa upendo nyuma ya ua wako, na siku utakapozeeka, watoto wako waushike mkono wako bila kufikiri. Nenda salama, mwanangu, na wote waliomo nyumbani kwako wale washibe.